Nyuzi Kwenye Kikombe cha Dawa

Jumapili, 6 Julai

Baba kavuta dawa asubuhi. Salama. Ukungu ulitoka mweupe, mwembamba, ukamwingia wote. Alipovua barakoa akaomba chai. Chai yake ni ileile: majani kidogo, sukari hapana, asali vijiko viwili kutoka kwenye dumu dogo analoliweka chini ya kiti chake. Asali ya mwisho aliyoirina kwa mikono yake, pori la Sikonge, kabla kifua hakijamkatalia kupanda mti.

Niko nyumbani Chemchem wiki ya pili. Nimemwambia kila mtu nimekuja kumalizia tasnifu kwa sababu Dar kuna joto na kelele. Uongo. Shangazi Nyamizi alinipigia simu akasema kaka yake anapumua kama mtu aliyeficha filimbi kifuani. Nikafunga begi.

Moshi ndio umemmaliza. Moshi wa kutuliza nyuki, moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku, miaka na miaka. Daktari wa hospitali ya Kitete kamwandikia dawa ya kuvuta kwa mashine ya nebulaiza, asubuhi na jioni. Asubuhi namtilia mimi. Jioni anajitilia mwenyewe akitoka kuswali magharibi. Hataki kulelewa.

Jana jioni mashine ilikohoa. Leo jioni pia. Sijui ina nini.

Jumanne, 8 Julai

Asubuhi safi. Jioni ovyo. Mashine ileile, kikombe kilekile, dawa ileile.

Shangazi anaiita mashine ya mvuke. Si mvuke. Hakuna kinachochemka. Nimemweleza mpaka nimechoka, na yeye kachoka zaidi. Pampu inasukuma hewa kwenye mpira. Hewa inatokea kwenye tundu dogo kama la sindano, kwa hiyo inatoka kwa kasi kubwa mno. Ikipita, inaivuta dawa kutoka chini ya kikombe. Dawa inapanda kama mchirizi. Hewa inaukamata ule mchirizi, inaubonyeza, inaukunja, inauchanachana mpaka unakuwa matone. Matone makubwa yanaishia mdomoni na kooni. Madogo sana ndiyo yanayofika kwenye mapafu. Basi. Hakuna muujiza.

Na hiyo ndiyo tasnifu yangu, ukiondoa kikombe na Baba. Mchirizi wa mafuta ukiingia kwenye upepo wa kasi unavunjikaje. Miaka minne nautazama mchirizi unavunjika. Sasa kidude cha plastiki kinanishinda kwetu, mbele ya shangazi yangu. Naona aibu na hasira, sijui ipi imetangulia.

Nadhani ni umeme. Jioni mtaa mzima unawasha pasi na majiko. Umeme ukipungua pampu inachoka, hewa inapoteza kasi, matone yanakuwa makubwa. Kesho napima.

Jumatano, 9 Julai

Nimepima. Umeme mzima.

Sikuamini. Nikaenda kuazima stabilaiza ya kutuliza umeme kwa fundi Ramadhani, yule anayepiga rangi magari mtaa wa Kanyenye. Haikusaidia kitu. Mashine ilinguruma vizuri tu, lakini ukungu ukatoka kwa kutapatapa, mzito, mwingine ukamdondokea Baba kidevuni. Dawa ya asubuhi huisha kabla chai haijapoa. Ya leo jioni ilikuwa bado ipo kikombeni wakati wanaadhini isha. Baba akachoka, akavua barakoa, akasema imetosha. Shangazi akaosha kikombe kwa maji ya moto, kama kawaida yake.

Sielewi. Naandika tena nilione: sielewi.

Ijumaa, 11 Julai

Nimebadilisha kichujio cha hewa. Kilikuwa na vumbi, kiangazi hiki kila kitu kina vumbi. Nikafurahi, nikajua nimemkamata mwizi. Jioni mambo yakawa yaleyale.

Mchana nilibeba kikombe mpaka gereji kwa fundi Ramadhani. Alikuwa anapuliza rangi mlango wa pikapu, jamaa mcheshi, kichwani kajifunga fulana. Tukaunga kikombe kwenye kompresa yake, presha ya chini kabisa, nikatia maji. Ukungu safi kama wa hospitali. Akaniuliza, "Kwa hiyo chuoni unasomea kupuliza?" Nikasema ndiyo. "Na wanakupa cheti?" Nikasema bado. Akacheka mpaka akakaa chini. Nilicheka na mimi, sikuwa na la kufanya.

Kwa hiyo kikombe kizima, hewa nzima, umeme mzima. Na bado jioni ni ovyo.

Barua pepe ya msimamizi wangu imeingia. Anauliza kwa nini picha zangu za kasi ya juu zinaonyesha nyuzi mahali ambapo hesabu zangu zinasema pawe na matone. "Eleza," kaandika. Hata salamu hakuna. Nieleze nini? Huku na kule swali ni moja na pote sina jibu. Sikumjibu.

Jumamosi, 12 Julai

Baba kabanwa.

Ilikuwa baada ya dawa ya jioni, dawa iliyomdondokea kidevuni badala ya kumwingia. Alisimama kwenda kutawadha, akashika ukuta. Midomo ikabadilika rangi. Shangazi akamkalisha, akamshika mgongo, anamwita jina lake la utotoni. Mimi nilisimama na barakoa mkononi kama mtu aliyepotea sokoni. Bajaji ya jirani ndiyo iliyotufikisha Kitete.

Walimwekea oksijeni, akatulia. Daktari ni dada wa umri mdogo, mpole, haraka hana. Aliniuliza anavuta dawa kila siku, nikasema ndiyo. Asubuhi na jioni? Ndiyo. Kama alivyoelekezwa? Nikamwambia nasimamia mwenyewe, mimi ni mhandisi. Sijui kwa nini nilitia hilo la uhandisi. Akaandika. Akasema kama dawa anaivuta sawasawa na kifua bado kinafunga, basi dawa haitoshi. Kaongeza ya pili. Jumanne ya tarehe ishirini na mbili tumrudishe. Akiwa bado hivi watamlaza, na huenda wakampeleka hospitali kubwa ya Mwanza.

Baba aliposikia Mwanza aligeuza uso ukutani. Hajawahi kuniogopesha hivyo. Babu yake alitembea na mzigo begani kutoka hapa mpaka pwani na akarudi. Yeye hawezi kufika bafuni.

Jumatatu, 14 Julai

Dawa mbili. Asubuhi nimetia zote mimi, ukungu mzuri, zikamwingia. Mikono ikaanza kumtetemeka, chai ikamwagika kwenye kanzu. Moyo unamwenda mbio, nimeusikia kwa mkono wangu. Daktari alituonya kwamba inaweza kutokea. Anasema si kitu. Ni kitu.

Jioni akajitilia mwenyewe, haikumwingia, hakutetemeka. Na kifua kikapiga filimbi.

Inakuwaje mtu mmoja awe na dawa nyingi kupita kiasi asubuhi na asiwe nayo jioni? Nimeandika hesabu kwenye kurasa tatu. Zinatoka sawa kila mara na hazisemi chochote.

Jumanne, 15 Julai

Nimeona kitu.

Jioni Baba alichoka katikati, akavua barakoa. Kabla Shangazi hajachukua kikombe kwenda kukiosha nikamwomba. Nikatoa kifuniko, nikawasha mashine, nikamulika tochi kwa pembeni nikarekodi kwa simu, ile ya mwendo wa polepole. Halafu nikaangalia mpaka macho yakauma.

Hakuna matone. Kuna nyuzi. Mchirizi unapanda, hewa inaukamata, lakini haukatiki. Unavutika. Unakuwa uzi mrefu wenye shanga ndogondogo, shanga zinakataa kuachana na uzi, kisha uzi wote unapigwa ukutani mwa kikombe. Ni kama picha zangu za Dar, zile alizoniandikia msimamizi. Nilisisimka. Kwa muda nilimsahau Baba kabisa na nilifurahi. Naandika hilo kwa sababu ni kweli na ni baya.

Halafu nikaona rangi. Dawa iliyobaki ina rangi kama ya chai nyepesi. Ya asubuhi haikuwa na rangi, ilikuwa kama maji.

Dawa mbovu. Tumeuziwa dawa mbovu. Asubuhi natoa vichupa vya boksi hilohilo lakini labda si vyote vimeharibika. Labda vya chini. Nimeshikwa na hasira. Kesho nalirudisha boksi dukani.

Jumatano, 16 Julai

Nimejiaibisha.

Nilifika dukani kwa Mzee Fazal wakati anafungua. Duka lake la dawa liko Kanyenye tangu enzi za babu yake, na sisi tumenunua hapo tangu nizaliwe. Sikusalimia. Niliweka boksi kwenye kaunta nikasema dawa zake zimeharibika na baba yangu nusura afe. Kulikuwa na wateja. Wote waligeuka.

Yeye hakupandisha sauti. Alisubiri nimalize. Akachukua vichupa viwili kutoka boksi langu, kimoja cha juu na kimoja cha chini kabisa, akavikata, akavimimina kwenye sahani nyeupe mbele ya kila mtu. Kama maji matupu. Hakuna rangi.

"Rangi iko wapi, binti yangu?"

Niliinamia sahani nikatazama tena. Akanipa boksi jipya, akakataa hata kuzungumzia malipo. Nilipokuwa mlangoni akasema, "Msalimie mzee. Mwambie asali yake imeniishia, nakunywa chai kavu."

Nilitoka bila kuaga. Nilitembea mpaka stesheni ya reli bila kujua ninakwenda wapi, kisha nikageuza.

Alhamisi, 17 Julai

Boksi jipya. Asubuhi safi. Jioni nyuzi.

Basi. Nimeishiwa. Si hewa, si umeme, si kikombe, si dawa. Shangazi anasema kuna mtu ana jicho baya, kamuona jirani fulani akimwangalia Baba sana. Nilikuwa karibu kukubali. Miaka minne ya chuo kikuu, na nilikuwa karibu kuuliza ni jirani yupi.

Baba leo hakumaliza ugali. Anahesabu siku za kwenda Kitete, namwona kwa midomo. Anaogopa Mwanza na mimi naogopa kila kitu.

Ijumaa, 18 Julai

Sisimizi.

Baba alikwenda msikitini alfajiri, kabla ya dawa, Shangazi akamsindikiza ili wapumzike njiani. Mimi nikafagia. Kwenye kigoda chake kulikuwa na barakoa ya jana jioni. Baba hakutaka kuitoa mkononi jana, akalala nayo kitini, kwa hiyo haikuoshwa. Mstari wa sisimizi ulikuwa unatoka ufa wa ukuta, unapanda mguu wa kigoda, unaingia ndani ya barakoa.

Nilisimama na ufagio. Sisimizi wanatafuta nini kwenye dawa ya kifua?

Nikapitisha kidole ndani ya barakoa, nikakiweka ulimini. Tamu. Tena si utamu wa sukari. Utamu wa pori, wa maua ya mninga, ninaoujua tangu kabla sijajua kusoma.

Nilikaa chini sakafuni. Dumu liko palepale chini ya kiti, na kijiko juu ya kifuniko chake. Nimeligongagonga wiki nzima nikitafuta soketi.

Waliporudi nilimsubiri akae, apumue. Nikamuuliza kama huwa anatia asali kwenye dawa ya mashine. Akajibu kama mtu aliyeulizwa kama huwa anavaa viatu.

"Kijiko kimoja tu. Nakoroga na dawa."

Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kwa huruma.

"Dawa zote nilizonyweshwa tangu mtoto zilitiwa asali. Mizizi, magome, hata kwinini ya misheni. Dawa kavu itashukaje? Wewe asubuhi unanipa kavu, nanyamaza kwa sababu umesoma. Jioni natengeneza."

"Kwa nini hukuniambia, Baba?"

"Hukuniuliza. Uliiuliza mashine."

Shangazi akaingia jikoni. Nilimsikia anacheka, kisha nikamsikia analia.

Baba akaongeza, taratibu, kama anayeona haya, kwamba ikipita puani anasikia harufu ya pori. Hajafika porini tangu kifua kianze. Mizinga yake anaiangalia mpwa wake, na hata huyo haji kumweleza nyuki wakoje. Nilimsogezea dumu karibu.

Nimemweleza asali haitakiwi kabisa ndani ya mapafu. Kwamba hewa inajua kuichana dawa kwa sababu dawa ni nyepesi kama maji. Asali hairuhusu. Hewa inaivuta na yenyewe inavutika, badala ya tone unapata uzi, na uzi haufiki popote. Nikachukua kijiko, nikakiinua juu ya dumu, tukaangalia asali inavyoshuka bila kukatika. Akatikisa kichwa polepole. Hilo analijua kuliko mimi. Maisha yake yote ameiangalia ikishuka hivyo.

Mwaka wa pili wa utafiti nilitia gliserini kwenye maji kwa makusudi, nikapiga picha nyuzi hizihizi. Nilizitambua Jumanne kwenye simu. Nilizitambua na bado nikaenda kumtukana Mzee Fazal. Kwa siku zote hizi nilikagua hewa. Hewa ndiyo kazi yangu, hewa ndiyo inayovunja, kwa hiyo hewa ndiyo niliyoishuku. Kilichokuwa kikombeni sikukijali.

Alasiri nilikwenda Kitete peke yangu. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka. Kaondoa dawa ya pili. Kasema apelekwe kesho wamsikilize kifua, na kikombeni isiingie kitu chochote zaidi ya dawa. Akaniuliza nani atasimamia. Nilisema Baba mwenyewe. Uhandisi sikuutaja.

Jumamosi, 19 Julai

Wamemsikiliza. Hawakusikia cha kuwatisha. Usiku amelala. Mimi pia.

Jumapili, 20 Julai

Kwa Mzee Fazal. Nimesalimia, shikamoo, nikasubiri marahaba. Nikaweka chupa ya asali kwenye kaunta, Baba ndiye aliyeimimina. Nikamweleza yote mbele ya wateja, kwa sababu nilimtukana mbele ya wateja. Alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Halafu akaacha kucheka, akauliza, "Lakini sasa anapumua?" Nikasema anapumua.

Nilitaka kusema samahani vizuri zaidi ya nilivyosema. Nadhani ameelewa.

Jumanne, 22 Julai

Kliniki. Kifua kimefunguka. Hakuna kulazwa. Hakuna Mwanza. Daktari alipolitamka hilo Baba alimshukuru, akamwuliza kwao ni wapi na kama kuna nyuki.

Mikono haitetemeki. Kanywa chai yote.

Nimemjibu msimamizi. Nimeandika kwamba sijui kwa nini kuna nyuzi kwenye picha zangu, na kwamba nikirudi nitaanza kwa kupima upya mafuta yenyewe, maana nilichukua tu vipimo vilivyoandikwa kwenye pipa. Huenda si hilo. Huenda ni kitu kingine kabisa na nitachanganyikiwa mwaka mwingine. Barua ilikuwa fupi. Niliituma bila kuisoma mara ya pili.

Alhamisi, 24 Julai

Kesho naondoka na treni. Shangazi kanifungia karanga na kuku wa kukaanga wa kutosha behewa zima.

Jioni Baba alitoka msikitini akakaa kwenye kiti chake, mlangoni, upepo umetulia. Akakata kichupa, akamimina dawa kikombeni, akanigeuzia viganja vyote viwili nione havina kitu. Nikacheka. Akafungua dumu la asali, akaliweka wazi mapajani, akainama akanusa kwa muda mrefu. Ndipo akavaa barakoa.

Ukungu ukatoka mweupe, mwembamba, ukamwingia wote. Dawa iliisha mapema, mashine ikabaki inanguruma bure, nikaizima. Akavua barakoa, akachota kijiko kimoja cha asali, akakiweka mdomoni, akafumba macho.

Shangazi kaosha kikombe. Kijiko kimebaki kwenye kigoda, sisimizi wanakipanda. Nimewaacha.